Salha Hataki Kulala kwa Mama Hoza

Jumatatu, 14 Julai

Siku ya tano ya Salha kwenye kituo cha kulelea watoto. Usingizi: hakuna.

Saa moja kasoro nilikuwa nimeshamnyonyesha, nimemvisha soksi mbili mbili na kofia ya kufuma, nimemfunga mgongoni. Ukungu mpaka kizingitini. Tukashuka kwa Mama Hoza. Shikamoo, marahaba. Salha akawachekea watu wote mlangoni. Huyu mtoto ni mwanasiasa. Asubuhi anampenda kila mtu. Ikifika saa nne usingizi ukamshika, hataki mtu ila mimi. Na si mimi mzima. Ziwa tu.

Ndivyo nilivyomlea. Miezi mitano na nusu analala akiwa ananyonya, njia nyingine haijui. Kosa ni langu, nakiri bila kulazimishwa.

Mama Hoza ana watoto wanane wa kulea, magodoro manane madogo, na sauti moja tu, ya chini. Leo alimlaza, akakaa pembeni, akampigapiga mgongoni. Salha alilia kuanzia saa nne mpaka saa tano, nilipofika na ruhusa yangu ya kunyonyesha. Akashika ziwa, akafumba macho. Nikamweka godoroni, macho wazi. Nikamnyonyesha tena, nikamweka tena. Saa yangu ikaisha. Nilimwacha analia, na kile kilio nilikisikia mpaka kona ya sokoni.

Maziwa ninayokamua anayanywa vizuri kwa kikombe. Kula si tatizo. Tatizo ni kulala.

Saa tisa nilipomchukua alikuwa mwekundu wa macho, amelegea. Alilala kabla hatujafika nyumbani. Jioni nzima akawa na hasira na mimi, na haki anayo.

Jumanne, 15 Julai

Hakulala.

Mama amepiga simu kutoka Tanga. Anapiga kila siku saa kumi na mbili jioni, baada ya swala, na swali ni moja: kalala? Mama alikaa nasi hapa Lushoto miezi miwili baada ya likizo yangu kuisha, akimlea Salha. Akarudi kwake kwa sababu Baba hajui hata chumvi inawekwa wapi. Alipokuwa anaondoka aliniambia, ameshika mlango wa gari: "Nakuja tarehe ishirini na sita, Jumamosi. Nikikuta mtoto bado halali huko, namchukua mjukuu wangu. Atakaa Tanga mpaka afikishe mwaka. Maziwa ya kopo yapo."

Hakuniuliza. Alinijulisha.

Mbele yake nasema "tutaona, Mama." Hapa niandike ukweli. Sitaki. Akienda, maziwa yangu yatakauka, na mimi nitakuwa mama wa likizo. Sitaki, sitaki.

Siku zilizobaki ni kumi na moja.

Leo pia ilikuwa kliniki. Uzito mzuri. Nilimweleza nesi habari ya usingizi. Akasema: mwachie mlezi nguo yenye harufu yako. Lala nayo siku mbili, usiifue, mtoto alazwe juu yake. Nimechagua ile kanga kuukuu ya kahawia ambayo maandishi yake yameshafifia. Nitalala nayo.

Jumatano, 16 Julai

Hakulala. Mimi nimelala na kanga kifuani. Imedondokewa maziwa, safi kabisa kwa kazi iliyokusudiwa, chafu kwa kazi nyingine zote.

Alhamisi, 17 Julai

Nimepeleka kanga.

Jamani, aibu. Nimezaliwa Tanga, nimelelewa na mwanamke ambaye hata dekio analipiga pasi. Kumkabidhi mtu mzima kanga isiyofuliwa, tena yenye harufu ya mtindi, mkono wangu ulikataa. Niliikunja vizuri sana, nikaiweka kwenye kikapu, nikaweka na leso mpya juu. Nikasema tu: "Mama Hoza, naomba alazwe juu ya hii. Ibaki hapa hapa." Sikusema kwa nini. Sikusema haijafuliwa.

Aliipokea kwa mikono miwili. "Hongea," akasema, ndiyo asante ya Kishambaa.

Hakulala.

Ijumaa, 18 Julai

Hakulala. Alipiga usingizi wa kuibia wa dakika saba mapajani kwa Mama Hoza, akashtuka.

Mama Hoza amenirudishia kanga, maana ni mwisho wa wiki. Imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa mara nne. Pembe kwa pembe. Nilidhani sisi wa pwani ndio wenye usafi, kumbe. Nikamshukuru. Nikaona haya kidogo, nikijua alichokifua.

Leo pia kazini kwangu, mahakamani, nimekosea kusoma jina la mdai. Nilimwita kwa jina la mdaiwa. Wote wawili wakasimama.

Jumamosi, 19 Julai

Baba Salha amepanda kutoka Mnazi. Yeye ni bwana shamba huko chini kwenye joto, huja siku za mapumziko na ndizi na vumbi. Nilimwambia amlaze mtoto mchana mimi nikiwa nimetoka, tujaribu. Nikaenda kukaa kwa jirani, nikanywa chai ambayo ladha yake sikuijua. Niliporudi alikuwa anazunguka sebuleni, jasho linamtoka Lushoto, mwezi wa saba, na Salha anapiga kelele begani. Aliponiona karibu alie na yeye.

Baadaye akasema, taratibu, akitazama miguu yake, labda kweli aende kwa bibi kwa muda. Si kwa ubaya, akasema. Mpaka afikishe mwaka tu.

Nilimchukia kwa muda wa kama dakika kumi. Halafu nikampakulia chakula. Amechoka na yeye, na ndoa hii ya barua na simu na Jumamosi haimfurahishi pia. Lakini nilimpakulia kidogo.

Jumapili, 20 Julai

Baba Salha alirudi Mnazi mchana. Kabla ya kuondoka alitengeneza kamba ya kuanikia nguo ndani, maana nje nguo zinakaa siku tatu na ukungu na bado mbichi. Tumepatana. Nimemwambia: mtoto haendi. Akasema, basi mwambie Mama. Akacheka. Mwoga.

Nimelala na kanga siku mbili, leo ya tatu. Safari hii hata mimi mwenyewe nikiisogeza puani nageuza uso.

Jumatatu, 21 Julai

Kanga imepelekwa. Hakulala.

Leo siisahau. Mimi ni karani. Naita mashauri, naandika. Asubuhi shauri la mpaka wa shamba la kabichi, watu wa Mlalo, ndugu kwa ndugu, chumba kimejaa. Mwanamke mmoja nyuma alikuwa na mtoto mchanga. Mtoto akalia. Mara moja nikasikia maziwa yameshuka. Blauzi nyeupe. Nikapandisha faili la shauri mpaka shingoni, nikaendelea kuandika kwa mkono mmoja. Mheshimiwa hakimu akatazama dari. Ni mtu mzima, ana watoto, akatazama dari kwa heshima kubwa.

Aliyekuwa kizimbani ni bibi mmoja, shahidi, ameshaapa. Akakatiza ushahidi wake. Akavua kanga yake ya begani, akainyoosha kwangu.

"Jifunike, mwanangu. Na uende ukanyonyeshe. Mpaka huu umegombewa tangu marehemu mume wangu, hautahama leo."

Watu wakacheka mpaka walalamikaji. Hakimu akaahirisha kwa nusu saa. Nilishuka mbio na kanga ya shahidi kifuani. Salha alikuwa analia. Alinyonya, akatulia, nikamweka, akaamka.

Niliirudisha kanga ya bibi mchana, nikiomba radhi kwamba sijapata muda wa kuifua. Akanitazama kama nimemwambia jambo la ajabu. "Maziwa ni uchafu?" akauliza. Akaitupia begani, akaondoka nayo.

Jumanne, 22 Julai

Dakika kumi na tano! Kwa kuchoka tu, anasema Mama Hoza, kichwa kilimwangukia kwenye bakuli la uji la mwenzake. Nimezihesabu kama ni zake. Ni zake.

Mama alipopiga nilimwambia robo saa. Akasema ameshanunua kopo. Kopo la maziwa. Ameshamfulia Salha na shuka za vitanda viwili na amempa dada yangu habari, dada yangu naye amewapa majirani habari. Mtaa mzima unamsubiri mwanangu, na mimi bado namnyonyesha.

Nilikata simu kwa adabu. Halafu nikalia kwa fujo.

Jumatano, 23 Julai

Hakulala.

Nimeandika barua ya kuomba likizo bila malipo. Nimeichana. Nimeandika nyingine.

Alhamisi, 24 Julai

Nianze mwanzo, polepole, nisiharibu.

Mashahidi wa Mlola hawakufika, mvua imeharibu barabara. Saa nne kasoro mahakama ikawa haina shauri. Nikaomba kutoka mapema. Kwa siku zote hizi mimi hufika kituoni saa tano. Saa nne, saa yenyewe ya usingizi, sijawahi kuiona.

Nikaingia kwa mlango wa nyuma, jikoni, ili Salha asinione. Juu ya jiko la mkaa kuna waya. Kwenye waya kuna kanga yangu. Imelowa, inatoa mvuke. Mama Hoza yuko pale anaigeuza upande wa pili ikauke upesi, na kutoka chumba cha pili namsikia mwanangu analia.

Nikauliza, nadhani kwa sauti ya mahakamani: hiyo kanga inafanya nini hapo?

Mama Hoza akashtuka. Akaanza kujieleza kama mtu aliyekamatwa, maskini. Kumbe tangu siku ile ya kwanza, nilipotoka tu mlangoni, aliinusa. Akajua. Wiki ile upande wetu maji yalikatika, mji mzima ulijua. Akafikiri, mtoto wa watu ametoka mbali, hana maji ya kufulia, na ameona aibu kusema, ndiyo maana kaikunja vizuri hivi na kuifunika leso. Asimwaibishe. Akaifua kimya kimya. Na kesho yake, Salha alipoidondoshea mate, akaifua tena. Kila asubuhi. Kwa sabuni ya kipande, tena akaongeza ile ya kunukia. Nje haikauki na ukungu huu, kwa hiyo anaikausha juu ya mkaa.

"Nilisema usijue, Mama Salha. Usije ukajisikia vibaya."

Kwa hiyo saa nne, mtoto anapotafuta harufu ya mama yake, harufu ya mama yake iko juu ya jiko. Na ikishuka inanuka sabuni na moshi.

Nikamwambia. Yote. Nesi, kulala nayo, maziwa, aibu yangu. Mama Hoza alinisikiliza akiwa ameshika ncha ya kanga. Halafu akacheka mpaka akakaa chini, juu ya gunia la mkaa, na gauni lake safi. Nami nikacheka. Wawili tunacheka jikoni, mtoto analia chumbani. Mungu atusamehe.

Alipofuta macho akasema naye ana neno. Mbona nimemkataza kumbeba Salha mgongoni? Watoto wa hapa wote hulala mgongoni kwanza, ndipo huwekwa chini.

Nani amekukataza, nikauliza.

"Wewe. Siku ya kwanza. Ulisema, 'Usimbebe, mlaze tu godoroni.' Na wewe ni mtu wa mahakama. Nikadhani ni sheria."

Nikakumbuka. Nilisema hivyo kweli. Nilisema kwa adabu, kumwonea huruma mgongo wake, mtu mzima na watoto wanane. Nilimaanisha asijisumbue. Kwetu pwani mtu akikwambia usijisumbue, unajisumbua. Yeye alinitii.

Wiki mbili. Wiki mbili mtoto analia kwa sababu wanawake wawili wana adabu mno.

Nilikuwa nimejifunga ndani ya sweta ile mbeleko niliyombebea Salha asubuhi. Nikaifungua, ya moto bado, nikampa. Haikufuliwa, nikamwambia. Akasema, "Ole wangu nikiifua." Akaniamuru nibaki jikoni, nisionekane. Nikasimama nyuma ya ukuta. Nikamsikia anamfunga. Salha akalia kwa nguvu, halafu kwa nguvu kidogo. Mama Hoza akaanza kuimba Kishambaa, wimbo mfupi unaorudi palepale, sikuelewa neno hata moja. Hatua zake sakafuni. Kilio kikawa mguno. Mguno ukakoma.

Nilihesabu hatua zake mpaka mia mbili. Kimya.

Nikachungulia. Shavu limebanwa mgongoni kwa Mama Hoza, mdomo wazi, mate yanamlowesha gauni.

Dakika arobaini na tano. Nimeandika tarakimu hii mara mbili pembeni ya ukurasa kwa furaha.

Ijumaa, 25 Julai

Saa nzima na dakika tano!

Lakini si hilo tu. Nilifika saa tano, nikakuta viatu vya Mama mlangoni. Navijua viatu vya Mama. Alisema Jumamosi, amekuja Ijumaa, ameshuka kwenye basi akaja moja kwa moja kituoni, bila kuniambia, kuona kwa macho yake. Huyu ndiye angepaswa kuwa mpelelezi.

Nikaingia.

Mama ameketi kwenye kile kiti kidogo cha watoto, magoti yamefika kidevuni, mkoba mapajani. Mbele yake godoro. Juu ya godoro Salha, amelala, amejifunika mbeleko mpaka sikioni. Mama Hoza anamenya viazi pembeni. Nilifungua mdomo kutoa shikamoo.

Mama akaweka kidole mdomoni pake.

"Shh. Utamwamsha."

Mimi! Nimwamshe mimi!

Nikakaa sakafuni karibu naye. Tukamtazama wote watatu kama watu wanaotazama sufuria ya maziwa isichemke ikamwagika. Baadaye kidogo Mama akamnong'oneza Mama Hoza kwamba hata mimi nililazwa mgongoni, tena mpaka miaka miwili, na nilikuwa mzito. Mama Hoza akasema anaamini.

Jumamosi, 26 Julai

Baba Salha amekuja. Nyumba imejaa. Mama amepika wali wa nazi, nazi amebeba mwenyewe toka Tanga kwa sababu haamini za hapa. Hakuna aliyesema neno juu ya kopo. Mimi sikuuliza, niliogopa. Tangu asubuhi nilikuwa nangoja, na kila Mama alipokohoa niligeuka.

Jioni, anakunja nguo zake, akamwita mkwewe. Amkatie tiketi ya kesho.

"Siti moja. Narudi peke yangu," akasema. Akaendelea kukunja.

Baba Salha akanitazama. Nikaingia jikoni, nikafungua bomba ili nisisikike.

Jumapili, 27 Julai

Mama ameondoka na kabichi nne, karoti, na viazi vya Mama Hoza. Hakusema kwamba nilikuwa na haki. Mama hasemi hivyo. Alisema nimekonda, nile.

Jumatatu, 28 Julai

Ukungu. Salha kapokelewa, kacheka na watu.

Saa tano nikashuka na ruhusa yangu. Maziwa yamejaa mpaka yanauma, nilikuwa nakaza mwendo. Mlangoni Mama Hoza akanizuia kwa kiganja. Amelala. Alimfunga saa nne na robo, hata hakulia, alinung'unika tu kidogo kama mtu aliyesahau kitu. Tusimwamshe.

Ameniulizia? nikauliza. Swali la kijinga, hana hata jino.

Mama Hoza alifikiri, kwa sababu hasemi uongo. "Leo hapana."

Nilikamua maziwa kwenye kikombe, nimegeukia ukuta, nikakifunika, nikakiacha juu ya rafu. Nikamtazama kidogo kwa mlangoni. Nikarudi.

Nilitaka alale bila mimi. Nilimwomba Mungu hilo, nimemsumbua kwa hilo. Nina furaha, naiandika kwa kalamu nzito: nina furaha. Njiani nililia kidogo, karibu na wauza karoti, nikajifanya ni ukungu.

Nimefika kazini nina nusu saa nzima mkononi, na sikujua niifanye nini. Nimekaa kwenye benchi la mashahidi, peke yangu, chumba kitupu. Naandika hapa. Saa sita kasoro robo. Bado amelala, nadhani.